Mama Povu, Dobi Aliyeupima Upepo kwa Nguo Nyeupe

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokusanyika mahali hapa: familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza mama yetu, na inawaomba muisikilize habari ya maisha yake kwa mpangilio, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mambo yaliyorundikwa ovyo.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Povu, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa karani wa mizani wa stesheni na mkewe, mshonaji wa nguo za watoto. Inasimuliwa katika familia kwamba baba yake alipokabidhiwa kichanga hicho mikononi, alitaja uzito wake kabla hajafikiria jina. Mkunga alimpima mtoto ili kumkosoa, akakuta tofauti ndogo mno. Mzee alisema mizani ya mkunga ndiyo inayohitaji fundi.

Alianza masomo Januari 1957 katika shule ya msingi ya reli na kuhitimu darasa la nane Desemba 1964. Alikuwa mwanafunzi wa wastani katika hesabu, hodari katika kusoma, na msumbufu kidogo katika ukweli. Siku moja mwalimu wa zamu alikuwa akikagua usafi, akapita mstarini na kumwambia, "Wewe, ukosi safi. Kaa." Binti akabaki amesimama. "Mwalimu, si safi. Umeutazama kwa nje tu." Darasa zima lilivunjika mbavu. Kwa kumsahihisha mwalimu mbele ya wenzake alipewa adhabu ya kufagia uwanja, na Jumatatu iliyofuata mwalimu huyohuyo akamteua kiranja wa usafi. Baada ya hapo alisoma miaka miwili katika chuo cha maarifa ya nyumbani, akatunukiwa cheti mwezi Novemba 1966.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ya wilaya. Wale waliowahi kukiona chumba kile watakumbuka masufuria makubwa ya kuchemshia mashuka, sakafu ya saruji iliyolowa daima, na mvuke uliofanya kila aingiaye aonekane ametoka kulia. Hapo ndipo alipopatia jina lake. Mtoto aliyekuja kumwona mama yake wodini alipotea njia, akafunguliwa mlango na mwanamke mwenye povu hadi mabegani, na jioni akawaeleza wote kwamba aliyemrudisha ni "Mama Povu". Wauguzi walilidaka jina hilo, na halikumtoka tena.

Mchango wake mkubwa hospitalini ulikuwa alama za nyuzi. Kabla yake, nguo za wodi zote zilichanganyika, hata ikatokea daktari wa upasuaji kuingia kazini na gauni la mkunga. Marehemu alishona uzi mmoja wa rangi kwenye pindo la kila nguo: mwekundu kwa upasuaji, kijani kwa wodi ya watoto, buluu kwa wazazi. Hakuna nguo iliyopotea njia baada ya hapo. Mwaka 1981 alifanywa msimamizi wa chumba hicho, akakiongoza hadi alipostaafu tarehe 9 Machi 2004, siku aliyotimiza umri wa miaka hamsini na mitano.

Katika chumba hichohicho ndimo alimokutana na mumewe, seremala aliyeitwa mwaka 1970 kutengeneza meza ya kukunjia mashuka. Meza ile iliyumba. Akaitwa kuirekebisha, ikatulia, kisha ikayumba tena. Fundi yule alikuwa na sifa ya kutengeneza viti ambavyo hata mlevi hakuweza kuviyumbisha, kwa hiyo marehemu alishuku. Alipomkuta chini ya meza kwa mara ya nne alimuuliza, "Fundi, hii meza ndiyo mgonjwa, au mgonjwa ni wewe?" Sauti ikajibu kutoka chini, "Meza imepona zamani, dada." Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1971, nao wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja. Mwaka 1978 walihamia katika nyumba ambayo Seremala, kama marehemu alivyozoea kumwita hadharani na faraghani, aliijenga mwenyewe kwenye mteremko chini ya kilima. Kila mlango, kila dirisha na kila kabati la nyumba hiyo ni kazi ya mikono yake.

Baada ya kustaafu, marehemu alifungua udobi wake uani. Alikuwa na beseni tatu, jiko la kuni la kuchemshia, pasi ya mkaa na kamba ndefu za kuanikia zilizovuka ua kutoka ukuta hadi ukuta. Wateja wake walikuwa nyumba ya wageni, kinyozi mmoja na familia zilizojali weupe wa mashuka yao.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 kampuni ya gesi ilianza kuchimba kwenye kilima kilicho nyuma ya mtaa. Marehemu hakuwahi kusema kwamba ujio huo ulikuwa balaa tupu. Barabara ilitengenezwa, vijana kadhaa walipata kazi, na yeye mwenyewe alifua ovaroli za wachimbaji kwa muda mrefu. Tatizo lilianza Oktoba 2011, kampuni ilipouwasha mnara wa kuchomea gesi ya ziada. Moto wake ulionekana kutoka kila kibaraza, na watu wakaupachika jina la Mshumaa. Upepo ulipotoka kilimani, moshi wake ulishuka mtaani. Mashuka yaliyoanikwa asubuhi yakiwa meupe yalianuliwa jioni yakiwa na vidoa vyeusi vilivyoteleza kidoleni kama mafuta. Mwenye nyumba ya wageni alirudisha mzigo mzima. "Mama Povu," alimwambia, "siku hizi unafulia mtaroni?" Marehemu alikuwa mtu wa utani, lakini huo hakuucheka.

Hata hivyo, mashuka hayakuwa jambo lililomkosesha raha. Mumewe alikuwa na pumu, iliyochochewa na vumbi la mbao la miaka mingi, na tangu Mshumaa ulipowashwa kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi kutwa kucha. Mwezi Novemba 2012 alishikwa vibaya, akalazwa. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaita wote wawili.

"Mzee, kifua chako na moshi ule haviwezi kukaa mtaa mmoja. Mmoja lazima ahame, na mnara hauna miguu."

"Nyumba ile nimeijenga mimi," alisema Seremala.

"Sijasema ibomolewe. Moshi ukikoma, rudi hata kesho yake. Usipokoma, kaa kwa wanao."

Ilipofika Januari 2013, Seremala alihamia kwa binti yao mkubwa, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Marehemu alibaki kulinda nyumba na kuutafutia mnara miguu, kama alivyosema mwenyewe. Hawakuwahi kuishi mbalimbali tangu waoane. Kila jioni walipigiana simu, na binti yao, aliyekuwa akimshikia baba yake simu, ameyahifadhi mazungumzo hayo moyoni kwa kuwa hayakubadilika:

"Umekula?"

"Nimekula. Mshumaa?"

"Unawaka."

"Haya. Funga geti."

Marehemu alikuwa ameshakwenda ofisi ya kampuni kulalamika. Afisa uhusiano alimkaribisha vizuri, akamkalisha, akamuuliza ana ushahidi gani kwamba masizi yale ni ya kampuni. Alitaja mashuka. Afisa akamjibu kwamba mashuka huchafuka kwa sababu nyingi. Marehemu alirudi nyumbani akiwa amekasirika, lakini kufikia jikoni alikuwa amekiri kwamba kijana yule alisema kweli. Ndipo alipofikiri kama binti wa karani wa mizani. Alichukua mashuka makuukuu ya hospitali, akayakata vipande vilivyolingana, akavichemsha vyote katika sufuria moja bila buluu ya kung'arishia nguo wala wanga, akashona kwenye pindo la kila kipande uzi wa rangi ya nyumba kitakakokwenda, na kuufunga fundo moja kwa kila wiki. Majirani walipewa masharti: kianikwe Jumatatu, kisiguswe, kianuliwe Jumapili, kikunjwe upande uliochafuka ukiwa ndani. Mwalimu wa chekechea alijiunga, kinyozi akajiunga, na jirani yake wa miaka mingi, Bibi wa Kona, alijiunga kabla hajaelezwa ni kitu gani. Wakajiita Kikundi cha Kamba.

Walikosea mapema. Mhandisi wa kampuni alipokuja kuviona vipande vya kwanza, alizunguka ua wa marehemu, kisha akasimama mbele ya jiko la kuni na pasi ya mkaa. "Mama, kwa heshima zote, masizi haya yanaweza kuwa yako." Wanakikundi walianza kunung'unika. Marehemu aliwanyamazisha kwa mkono. "Ni kweli. Tumeanika upumbavu." Jioni ileile alivitoa vipande vyote vilivyokuwa karibu na majiko, akavihamishia chekechea, zahanati na ghala la vitabu, mahali ambapo hapakuwashwa moto wowote. Kazi ikaanza upya tangu fundo la kwanza.

Hatimaye mamlaka ya mazingira ilikubali kumtuma afisa wake kuja kuona kazi hiyo. Siku ilipangwa kuwa Jumanne, tarehe 14 Mei 2013. Vipande vyote vya msimu mzima vilikuwa vimehifadhiwa kabatini kwa Bibi wa Kona, kwa sababu nyumba yake haikuingia vumbi. Marehemu alipokwenda kuvichukua asubuhi ile alimkuta mwenyeji wake uani, mikono imelowa, anabana kibanio cha mwisho. Kamba yote ilikuwa imejaa vipande vyeupe pe.

"Bibi wa Kona. Umefanya nini?"

"Nimekusaidia, mwenzangu. Toka alfajiri nipo kwenye beseni."

"Umevifua?"

"Wageni wa serikali wanakuja! Nikawaonyeshe matambara machafu vile? Watasema wanawake wa mtaa huu hatuna mikono?"

Marehemu aliketi kwenye ngazi, akashika tama. Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa ameongozana naye, ameeleza kwamba kwa kitambo alidhani Mama Povu analia. Mabega yalikuwa yakitikisika. Kumbe alikuwa akicheka hadi machozi yanamtoka.

"Ulitia buluu?" aliuliza alipopata pumzi.

"Kidogo tu," alisema Bibi wa Kona. "Si vilikuwa vimefifia?"

Afisa wa mazingira aliwasili saa nne, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na mhandisi wa kampuni akafuatana naye kama ilivyokubaliwa, naye pia akiwa na shati jeupe. Wanakikundi walikuwa wamejikunyata kama wanafunzi waliovunja dirisha. Mmoja alipendekeza mkutano uahirishwe kwa kisingizio cha ugonjwa. Marehemu alikataa. Alimwonyesha afisa kamba iliyojaa weupe na kumweleza yaliyotokea bila kuficha, hata habari ya buluu. Mhandisi alijizuia asicheke, akashindwa.

"Sasa, mama," alisema afisa, "unataka niandike nini? Nimekuja kuona masizi, nimeoneshwa usafi."

Marehemu alimtazama kuanzia ukosini hadi kwenye pindo. "Baba, shati lako umelipeleka kwa dobi gani?"

"Wa mtaani kwetu. Kwa nini?"

"Kazi nzuri. Niachie."

"Nikuachie shati?"

"Lako na la mhandisi. Niyafue hapa mbele yenu nyote, muyapige muhuri wenyewe, muyaanike mnapotaka ninyi. Mkirudi, hakuna atakayesema Mama Povu ameyapaka."

"Mama, mimi ni afisa wa serikali. Siwezi kuvua shati mbele ya watu."

"Nimefua mashati ya madaktari tangu hujazaliwa, baba. Hakuna kitu kipya utakachonionyesha."

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Afisa akajikaza kisabuni, akaingia ndani pamoja na mhandisi, na marehemu akawaletea mashati ya Seremala kutoka kabatini nyumbani kwake. La mhandisi lilimfika karibu na magoti. Bibi wa Kona alisema amependeza kuliko alivyokuja.

Wakati mashati yakifuliwa, afisa alitoa wazo ambalo marehemu alilisifu hadi mwisho wa maisha yake. Alisema haitoshi kuanika mahali pamoja, kwani mji mzima una vumbi. Shati moja lianikwe kwenye njia ya upepo wa Mshumaa, na jingine upande wa pili wa mji, mahali upepo huo haufiki. Mhandisi alichagua shati lake liende huko mbali, kwenye ua wa ofisi za wilaya. La afisa likabaki chekechea. Kila moja lilitiwa uzi pindoni, likafungwa kwa waya wenye muhuri wa mamlaka, na mlinzi wa kila mahali akaonywa kwamba hata akinyeshewa asilianue.

Tarehe 28 Mei walikusanyika tena chekechea, shati la mbali likiwa limeletwa na muhuri wake. Mhandisi alilifungua shati lake yeye mwenyewe. Lilikuwa na vumbi la barabara, akalikung'uta mara mbili, likarudi karibu jeupe. Akalinyanyua juu ili watu wote walione.

"Langu safi!" alisema kwa furaha. "Mnaona? Safi kabisa!"

Afisa alikuwa ameshalifungua la kwake. Mabega yalikuwa ya kijivu, ukosi mweusi, na alipolikung'uta halikutoa kitu, bali liliacha alama viganjani mwake. Mhandisi aliyatazama mashati mawili, lake na la mwenzake, akalishusha taratibu. Kisha akasema jambo ambalo familia inalikumbuka kwa heshima: "Nipeni kipande cha hilo shati nikipeleke maabara yetu pia. Nitataka kukiona mwenyewe."

Maabara zote mbili, ya mamlaka na ya kampuni, zilipata jibu moja, kwamba masizi yale yalitokana na gesi isiyoungua vizuri pamoja na matone ya mafuta. Mambo hayakwenda haraka baada ya hapo. Kulikuwa na vikao, na vikao juu ya vikao. Kampuni ilisema itahitaji muda, mamlaka ikaweka ukomo, ukomo ukasogezwa. Kikundi cha Kamba kiliendelea kuanika kila Jumatatu, na Bibi wa Kona aliondolewa kwa upole kwenye kazi ya kuhifadhi, akapewa ya kupokea wageni, ambayo aliifanya vizuri mno. Kipuliza dawa ya pumu cha Seremala kilikuwa kimekwisha kubadilishwa mara kadhaa. Kuna jioni, binti yao anasema, simu ilikuwa fupi kuliko kawaida, na baba alilala mapema bila kuzima taa.

Agosti 2014 mnara ulizimwa. Badala yake kampuni ilijenga chumba cha kuchomea kilichofungwa, mbali zaidi na mtaa, upande wa pili wa kilima. Marehemu hakuitoa habari hiyo kwenye simu za jioni; akiulizwa habari za Mshumaa alijibu tu, "Bado naangalia." Hakutaka kumpa mtu matumaini ya siku moja. Alisubiri mpaka vipande vya wiki tatu mfululizo vilipoanuliwa vikiwa na vumbi tu, akamwita mwalimu wa chekechea na kinyozi wavione, ndipo jioni ile simu ikaenda tofauti:

"Umekula?"

"Nimekula. Mshumaa?"

"Hakuna Mshumaa. Njoo nyumbani."

Seremala akauliza, "Mlango wa jikoni bado unakwama?"

"Unakwama."

"Basi nakuja."

Alirejea tarehe 20 Septemba 2014. Alilala chumbani kwake usiku huo na asubuhi akaurekebisha mlango. Hajalazwa tena kwa sababu ya kifua tangu siku ile.

Marehemu aliendelea kukiongoza Kikundi cha Kamba hadi mwaka 2020. Mamlaka ilifunga kifaa cha kupima hewa katika paa la chekechea, naye alijifunza kukisoma. Alikiri kwamba ni kizuri kuliko nguo, kwa kuwa huona hata yasiyoacha doa. Alilalamika tu kwamba hakijui kupiga soga. Gesi ingali inachimbwa kilimani, na kila mwanzo wa mwezi mwakilishi wa kampuni na wa mtaa hukaa meza moja kuzitazama tarakimu pamoja. Mara mbili wamebishana sana. Mara zote mbili marehemu alisema hiyo ndiyo kazi yenyewe, na asiyetaka kubishana akafuge samaki. Mhandisi yule, ambaye sasa amestaafu, yuko pamoja nasi mahali hapa leo, na familia inamshukuru.

Mwishoni mwa mwaka 2021 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na madaktari wakagundua kwamba moyo wake umechoka. Alifuata dawa kwa uaminifu na ushauri kwa nusu. Alikatazwa kunyanyua mizigo, akawa ananyanyua midogo. Alikatazwa kusimama sana, akakaa kwenye kiti cha uani na kutoa amri kwa kila aliyepita na beseni. Wakwe na wajukuu waliokuja kumsaidia walijifunza kukunja shuka kwa namna moja tu inayokubalika, na wale walioikosea walielekezwa upya bila kufokewa, mpaka wakaipata. Miezi yake ya mwisho haikuwa na maumivu makali. Alikuwa akichoka mapema, akicheka upesi, na kulala mchana bila kuona aibu, jambo ambalo awali aliliona kuwa la wagonjwa.

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Agosti 2023, aliamka akiwa mtulivu, akanywa chai nusu kikombe na kumwomba mumewe akae karibu. Walizungumza mambo madogo: nani amekuja jana, nani hajarudisha chungu. Baadaye alisema anasinzia. Seremala, ambaye amezoea kuisikiliza pumzi yake mwenyewe, aliisikiliza ya mkewe. Ilikwenda taratibu, ikapungua, na mnamo saa tano asubuhi ikakoma, katika chumba alichokijenga kwa ajili yao wawili. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, miezi mitano na siku nne.

Familia inatoa shukrani kwa wauguzi wa zahanati waliokuja nyumbani bila kuitwa, kwa Kikundi cha Kamba waliosimamia kila kitu tangu siku ya msiba, na kwa majirani wote. Bibi wa Kona ametuomba isomwe kwamba yeye ndiye aliyefua mapazia ya nyumba ya msiba. Imesomwa.

Marehemu ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja wa kike aliyezaliwa mwezi Juni mwaka huu, kaka mmoja na wadogo zake wawili, pamoja na wapwa, binamu na mashemeji wengi. Watoto wamemsihi baba yao aende kuishi nao. Amewashukuru na kukataa. Amesema hewa ya pale ni yake, mkewe alimtafutia, na atakaa aivute.

Mama Povu, kazi uliyoianza imekamilika mahali ulipotaka. Mwenyezi Mungu akupokee, nawe upumzike kwa amani.